Dirisha la Ubalozi Lililohamia Ngamiani: Tathmini ya Huduma za Duka Moja la Steshenari Mjini Tanga

Duka ninaloliandikia tathmini hii lipo Ngamiani, katika mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Kwa nje halina tofauti na steshenari nyingine za mjini Tanga: mashine ya fotokopi mlangoni, madaftari ya shule kwenye rafu, kalamu ndani ya kopo, na tangazo la laminesheni lililochapwa kwa herufi kubwa. Hata hivyo, wateja wengi wanaoingia humo hawafuati madaftari. Wanafuata fomu: fomu ya pasipoti, viza ya Oman, viza ya umra, viza ya Tanzania kwa wageni wao, na maombi ya masomo nje ya nchi. Nimelitumia kwa muda mrefu, kwa shughuli zangu na za jamaa zangu, na nimekaa kwenye benchi lake nikisubiri zamu kiasi cha kuona jinsi linavyowahudumia wengine. Naamini kwamba kazi inayofanyika pale ni sehemu ya diplomasia ya siku hizi, na kwa sababu hiyo inastahili kupimwa kwa kipimo kikubwa kuliko kile cha ubora wa karatasi na wino.

Diplomasia ya kidijitali inapotajwa, fikra za wengi huenda kwa marais wanaokutana kwa video na mabalozi wanaoandika kwenye mitandao ya kijamii. Hayo nayo yapo, na nitayagusa. Lakini Mkataba wa Vienna kuhusu Mahusiano ya Kikonseli wa mwaka 1963, katika ibara yake ya 5, unataja miongoni mwa kazi za konseli, yaani ofisi ya kibalozi inayohudumia watu, utoaji wa pasipoti na hati za kusafiria kwa raia walio nje, utoaji wa viza kwa wanaotaka kuitembelea nchi, na msaada kwa raia wanaokwama ugenini. Huu ndio upande wa diplomasia ambao mkazi wa Makorora au Chumbageni hukutana nao ana kwa ana. Hatakaa kwenye meza ya kujadili mkataba wa mipaka ya bahari, lakini siku moja ataomba viza. Na upande huo ndio uliobadilika sana katika miaka ya karibuni, pengine kuliko upande mwingine wowote wa kazi za mabalozi.

Pasipoti ya kielektroniki ya Tanzania ilizinduliwa Dar es Salaam tarehe 31 Januari 2018 na Rais John Magufuli, na mwishoni mwa mwaka huohuo ukaanza mfumo wa viza ya mtandaoni kwa wageni wanaokuja nchini. Kenya, tunayepakana naye pale Horohoro, iliondoa viza yake ya kawaida Januari 2024 na badala yake ikaweka kibali cha kielektroniki cha kusafiria, ingawa raia wa Afrika Mashariki hawahitaji kukiomba. Saudi Arabia ilianzisha jukwaa la Nusuk mwaka 2022 kwa ajili ya mahujaji na wanaokwenda umra. Viza ya Oman, ambayo Tanga ni jambo la kawaida kabisa kwa sababu ya undugu na ajira, huombwa kupitia mfumo wa mtandaoni wa Polisi ya Kifalme ya Oman, mara nyingi na mwenyeji aliyeko kulekule. Ukiyatazama mabadiliko haya kwa pamoja utaona kwamba ubalozi wenyewe umesogea pembeni. Maombi yanatoka kwenye kompyuta ya mwombaji na kutua moja kwa moja katika idara iliyopo mji mkuu wa nchi nyingine, na yule ofisa aliyekuwa akikaa dirishani Dar es Salaam, akipokea karatasi, akiuliza maswali mawili matatu na kurudisha fomu yenye kasoro, hayupo tena katikati ya safari hiyo.

Kwa mkazi wa Tanga, faida ya mabadiliko hayo haina mjadala. Mji wetu uko takribani kilomita 350 kutoka Dar es Salaam kwa barabara, na watu wazima wa hapa wanazikumbuka vizuri safari za kupanda basi alfajiri, kulala kwa jamaa Temeke au Magomeni, na kurudishwa kesho yake kwa sababu ya picha yenye rangi isiyotakiwa. Lakini kazi ya yule ofisa wa dirishani haikufutika kwa kuondoka kwake. Bado lazima mtu fulani aisome fomu kabla haijakabidhiwa, auone upungufu, na amweleze mwombaji kwa lugha anayoielewa. Hapa Ngamiani kazi hiyo imeangukia mikononi mwa kijana mmoja mwenye kompyuta ya mezani, skana na printa.

Anaifanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Nilikuwapo siku bibi mmoja alipoletwa na mjukuu wake kuombewa pasipoti, kwa kuwa binti yake yuko Muscat na alitaka kwenda kumsaidia baada ya kujifungua. Kijana alimwamkia, akamwekea kiti karibu na meza, ndipo akaomba cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha Taifa. Aliviweka viwili hivyo bega kwa bega na kuanza kupitisha ncha ya kalamu chini ya majina, herufi moja baada ya nyingine. Kitambulisho kilisema Mwanahawa. Cheti kilisema Mwanaawa.

“Si mtu yuleyule, kaka? Endelea tu,” alisema mjukuu.

“Kwangu mimi na kwako ni yuleyule. Mfumo hautamjua,” alijibu kijana, kisha akamgeukia bibi. “Bibi, ukinilipa leo nitakuwa nimekula pesa yako bure. Kwanza jina hili litengenezwe, halafu urudi.”

Aliwaeleza tofauti iliyopo kati ya kuapa kwa wakili na kwenda kurekebisha cheti chenyewe, akawaandikia kwenye kipande cha karatasi nyaraka za kurudi nazo, na hakuwatoza chochote. Gharama ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000, na shilingi 20,000 kati ya hizo hulipwa mwanzoni kama ada ya fomu. Kwa bibi yule, elfu ishirini si fedha ya kupoteza kwa herufi moja, na duka lingeweza kabisa kuchukua ujira wake, likamwacha akagundue kasoro hiyo mbele ya safari.

Nimekitaja kisa hiki kwa urefu kwa sababu kinaonyesha mahali hasa ambapo teknolojia imeigeuza kazi ya kikonseli. Ofisa wa dirishani alimwona mtu. Mfumo huona herufi, na huzilinganisha na herufi nyingine zilizohifadhiwa mahali pengine. Jina likishaingia kwenye pasipoti litafuatwa na viza, tiketi ya ndege, kadi ya ukaazi na mkataba wa kazi, kila kimoja katika nchi yake na hifadhidata yake. Kosa lililofanyika Ngamiani linaweza kumkwamisha mtu kwenye uwanja wa ndege wa nchi ya watu, na hapo ndipo ubalozi wa Tanzania utakapoamshwa kushughulikia tatizo ambalo lingemalizwa na macho makini ya dakika tano. Kwa hiyo ninapomsifu kijana yule kwa kupitisha kalamu chini ya majina, namsifu kwa kazi iliyowapunguzia mzigo watumishi wa serikali ambao huenda hawajui hata kama duka lake lipo.

Jambo la pili lililonifanya nilipende duka hili ni namna linavyoshughulikia barua pepe na nywila. Karibu kila ombi la siku hizi hudai anwani ya barua pepe, na wateja wengi, hasa watu wazima, hawana. Katika duka jingine nililowahi kulitumia, mjini hapahapa, mhudumu alikuwa akiwajazia wateja wote anwani ya barua pepe ya dukani. Majibu yalifika kwake, na mwenye ombi alipaswa kurudi kuuliza, wakati mwingine kwa kulipia. Ndugu yangu alikosa taarifa ya kuitwa kuongeza nyaraka kwa sababu ujumbe ulizama katikati ya ujumbe wa watu wengine, na muda ukapita. Duka hili la Ngamiani haliruhusu hivyo. Mteja asiye na anwani hufunguliwa ya kwake, kwa jina lake na namba yake ya simu. Nywila huandikwa kwenye kadi ndogo ngumu na kukabidhiwa mkononi, na kijana wa dukani humtaka mteja, au mtu aliyemleta, aifungue barua pepe hiyo kwenye simu mbele yake kabla hajaondoka. Ni hatua inayokula muda na kurefusha foleni, na nimewasikia watu wakinung'unika. Mimi naiona kuwa ndiyo huduma yenyewe, kwa sababu mwenye anwani ndiye mwenye ombi: akiishika mtu mwingine, basi mtu huyo ndiye anayezungumza na serikali ya kigeni kwa niaba yako, utake usitake.

Linakuja hapa suala la siri, na nalo nataka nilitazame kwa utulivu kwa kuwa watu wengi hulipita haraka. Mkataba ule wa 1963, katika ibara yake ya 33, unasema nyaraka na kumbukumbu za konseli haziguswi wakati wowote na popote zilipo. Mataifa yanalichukulia jambo hili kwa uzito mkubwa. Estonia, baada ya kuhamishia karibu huduma zake zote mtandaoni, ilitia saini makubaliano na Luxembourg mwaka 2017 ili nakala za hifadhidata zake muhimu zitunzwe huko chini ya ulinzi unaofanana na ule wa ubalozi. Watu wakauita ubalozi wa data. Sababu zipo. Mwaka 2010 mtandao wa WikiLeaks ulianza kuchapisha nyaraka za kibalozi za Marekani zaidi ya 250,000, na kila wizara ya mambo ya nje duniani ikajifunza kwamba kumbukumbu zilizokuwa zikijaza makabati sasa zinaweza kubebwa kwenye kifaa kinachoingia mfukoni.

Sasa fikiria safari ya nyaraka za bibi yule. Zikishafika serikalini zitakuwa na ulinzi wa sheria na wa kidiplomasia. Kabla hazijafika, zimelala kwenye kompyuta ya dukani: cheti cha kuzaliwa, namba ya kitambulisho cha Taifa (NIDA), picha, namba ya simu ya binti yake, anwani ya nyumba ya Muscat. Hapo hazina kinga ya ubalozi hata kidogo. Kinachozilinda ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na kusimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, pamoja na uadilifu wa mwenye duka. Katika duka hili faili za mteja hufutwa mbele yake baada ya ombi kutumwa, na ukileta flashi yako unapewa nakala zako uondoke nazo. Sikuona mafaili yenye majina ya watu yaliyotapakaa kwenye uso wa kompyuta, jambo ambalo nimeliona mahali pengine, ambako mteja anayesubiri anaweza kusoma nani anakwenda wapi. Ningependa kuona pia kwamba mashine yenyewe ina nywila na kwamba hakuna mtu mwingine anayeitumia jioni kwa michezo. Kijana aliniambia ndivyo ilivyo, nami sina sababu ya kumtilia shaka.

Wageni nao hufika, ama wao wenyewe au kupitia wenyeji wao. Tangu ujenzi wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, lenye urefu wa kilomita 1,443 na linaloishia Chongoleani, Tanga imepokea wataalamu na wafanyabiashara wengi kutoka nje, na wapo pia wakwe, marafiki na watafiti wanaotaka kuja. Viza ya kawaida ya Tanzania ni dola 50 za Marekani, na raia wa Marekani hulipa dola 100 kwa viza ya kuingia mara nyingi. Mtego uliopo ni tovuti za mawakala zinazojipamba kwa bendera na nembo zikaonekana kama za serikali, kisha zikatoza zaidi ya ada halali kwa kazi ambayo mtu angeifanya mwenyewe. Nilimwona kijana akimfundisha mwenyeji wa mgeni mmoja asome mwisho wa anwani kwanza, aone go.tz, kabla hajatazama picha yoyote iliyo kwenye ukurasa. Somo hilo dogo linailinda heshima ya nchi. Mgeni aliyeliwa fedha na tovuti bandia hatamlaumu tapeli asiyemjua. Atasema Tanzania ndivyo ilivyo, na balozi wetu mahali fulani atakuwa na kazi ya ziada ya kusafisha jina.

Mambo ya juu yanafanana na haya ya chini kuliko tunavyodhani. Agosti 2019, Dar es Salaam, wakuu wa nchi za SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, waliipa lugha ya Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo. Agosti 2020, kwa sababu ya korona, wakuu haohao walikutana kwa video, na Tanzania ikakabidhi uenyekiti kwa Msumbiji bila watu kushikana mikono. Septemba ya mwaka ule viongozi wengi wa dunia walituma hotuba zilizorekodiwa zikaonyeshwa kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Februari 2021 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki nao wakakutana kwa njia hiyohiyo. Maamuzi yalipita na muda uliokolewa. Kilichokosekana ni mazungumzo ya ukumbini wakati wa chai, pale ambapo mjumbe mmoja humwambia mwenzake, pembeni, kwamba kifungu fulani kitakataliwa na kingeandikwa vingine kingepita. Mtu aliyewahi kusuluhisha hata ugomvi wa shamba anajua kwamba jambo zito hulainishwa nje ya kikao.

Kwenye duka la Ngamiani mazungumzo hayo ya pembeni yamerudi, tena bila mtu kuyapanga. Mbele ya duka kuna benchi refu chini ya bati, na wanaosubiri zamu huambiana habari: nani kajibiwa kwa siku ngapi, nani kaambiwa aongeze taarifa ya benki, wakala gani wa ajira za Uarabuni asiaminiwe. Mama mmoja aliyetoka Jeddah alimweleza msichana anayekwenda kazini kwamba ahifadhi picha ya pasipoti na mkataba wake mahali ambapo mwajiri hawezi kufika, na aandike namba ya ubalozi kwa mkono, kwenye karatasi, kwa sababu simu huweza kuchukuliwa. Sijaona ushauri wa maana kama huo kwenye kurasa za balozi mbalimbali ninazozifuatilia, ambazo mara nyingi hujaza picha za hafla na kuacha maswali ya wananchi yakining'inia chini yake bila jibu. Inawezekana kufanya vinginevyo. Sushma Swaraj, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa India kuanzia 2014 hadi 2019, alijulikana kwa kuwajibu yeye mwenyewe, kwenye Twitter, raia wake waliokwama ugenini. Ukraine, Mei 2024, ilikwenda njia nyingine na kumtambulisha msemaji aliyeundwa kwa akili unde, aitwaye Victoria Shi, wa kutoa taarifa za kikonseli, huku maneno yake yakiandikwa na watumishi wa wizara. Kati ya njia hizo mbili mimi nitachagua ya kwanza kila siku, lakini hata ya pili ni bora kuliko ukimya.

Baada ya sifa hizo, zipo kasoro ambazo haifai kuzinyamazia.

Ya kwanza na kubwa ni kwamba skrini ya kompyuta inatazama upande wa wateja, na kijana ana tabia ya kusoma majibu kwa sauti ili ahakikishe hajakosea. Mtu anayesubiri fotokopi husikia tarehe ya kuzaliwa ya mwenzake, kazi yake, mshahara wake, hata kama aliwahi kunyimwa viza. Niliona mzee mmoja akinyamaza alipoulizwa swali hilo la mwisho, akawatazama waliomzunguka, kisha akasema hapana kwa sauti ambayo haikunishawishi. Kama jibu hilo halikuwa kweli, ombi lake limeingia na kasoro ambayo watoa viza huiona kuwa nzito kuliko kule kunyimwa kwenyewe. Duka lililojitahidi kiasi kile kufuta mafaili halistahili kuvujisha siri kwa mdomo.

Kasoro ya pili inahusu lugha. Fomu nyingi za nchi za nje ni za Kiingereza au Kiarabu, na kijana humtafsiria mteja papo hapo. Kwa maswali mengi anafanya hivyo kwa uaminifu, na subira yake kwa wazee ni ya kupigiwa mfano. Inapofika sehemu ya madhumuni ya safari, hata hivyo, nimemwona akijaza “matembezi” bila kuuliza, kwa kuwa ndilo jibu la wengi. Mtu anayekwenda kuuguza si sawa na anayekwenda kutalii, na anayekwenda kufanya kazi akiandikwa matembezi anaweza kurudishwa kwa ndege ileile aliyofika nayo. Swali hilo moja linahitaji kuulizwa kila mara, hata kama jibu linaonekana kwenye nguo na mizigo ya mteja.

Bei nazo hazijabandikwa ukutani. Mimi nimelipa shilingi elfu kumi kwa fomu ya pasipoti pamoja na kuskani viambatisho, na sijawahi kusikia mteja akitozwa isivyo haki, lakini mgeni wa duka hana namna ya kujua hilo kabla hajakaa kitini. Ni vizuri pia mteja aelewe kwamba ujira wa duka ni kitu kimoja na fedha ya serikali ni kitu kingine: ada ya serikali hulipwa kwa kontroo namba, yaani namba maalumu ya malipo ya serikali, moja kwa moja kwa simu au benki, na hakuna sababu ya kumkabidhi mtu fedha hiyo mkononi. Hapa duka linafanya inavyotakiwa. Kijana hutoa namba na kumwacha mteja alipe mwenyewe. Picha ya pasipoti hupigwa nyuma ya duka kwenye kitambaa cha buluu, na imekuwa ikikubaliwa. Umeme ukikatika kazi husimama, kwani hakuna jenereta. Tatizo linalonisumbua zaidi ya umeme ni kwamba ujuzi wote umo kichwani mwa mtu mmoja. Akisafiri, msaidizi wake anaweza kutoa fotokopi na kuuza kalamu, basi.

Yapo pia mambo ambayo duka halina uwezo nayo na haifai kulilaumu. Alama za vidole za pasipoti huchukuliwa kwenye ofisi ya Uhamiaji, na baadhi ya balozi bado humtaka mwombaji afike Dar es Salaam kwa alama hizo au kwa mahojiano. Nchi nyingi zinaelekea kupunguza hata hilo. Baraza la Umoja wa Ulaya lilipitisha Novemba 2023 kanuni za kuifanya viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, kuwa ya kidijitali, na Uingereza imeshaachana na kadi za ukaazi za mkononi na kuingia kwenye rekodi za mtandaoni. Kadiri karatasi zinavyopungua, ndivyo uzito utakavyoongezeka kwa mtu anayemsaidia mwombaji kuandika jibu la kwanza.

Serikali yetu ilizindua Mei 2025 Sera ya Mambo ya Nje ya mwaka 2001, Toleo la 2024, na Watanzania waishio ughaibuni wamepewa nafasi ndani yake. Ningeomba wanaoitekeleza sera hiyo wafike kwenye maduka kama hili. Haitagharimu kiasi kikubwa kuwakusanya wenye steshenari wa Tanga kwa siku moja, pale mjini, pamoja na ofisa wa Uhamiaji, ofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje na mtu wa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, wakafundishwa makosa yanayorudisha maombi mengi, jinsi ya kutunza nyaraka za watu, na namba za balozi zetu zinazopokelewa kweli. Watu hawa tayari wanaandika, kwa niaba ya wananchi, maneno ya kwanza ambayo serikali za nje huyasoma kuhusu Mtanzania. Kuwaacha wajifunze kwa kubahatisha ni kumwachia mwananchi gharama ya kila kosa.

Kwa kipimo cha nyota tano, ninalipatia duka hili nne. Anayekwenda aende asubuhi, kabla mtandao haujaelemewa, na asiende saa sita mchana siku ya Ijumaa kwa kuwa hufungwa kwa ajili ya swala. Achukue cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Taifa, nyaraka za mzazi, na simu yenye laini iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe. Na akiwa na jambo asilotaka lisikike benchini, aombe kuandika jibu lake kwenye karatasi. Nyota ya tano nimeiweka kando hadi kompyuta ile igeuzwe itazame ukuta.